MAZUNGUMZO YA HEWA NI MAZUNGUMZO YA MSHAHARA

Maoni ya Mwanachama wa Gikomba



Juzi nilikuwa nikinywa chai katika kibanda kimoja karibu na Barabara ya Digo, si mbali na jumba letu la Solidarity. Redio ilikuwa ikieleza habari za mikutano ya dunia juu ya mabadiliko ya hali ya hewa, au tabianchi kama wasemavyo siku hizi. Hamali mmoja, ambaye alikuwa ameegesha mkokoteni wake mlangoni, akauliza, "Mzee, mambo hayo yatuhusu nini sisi? Wakubwa wanapanda ndege, wanalala hotelini, wanarudi. Mimi nabeba mabeli tu." Watu wakacheka, na mimi pia nikacheka. Lakini swali lake lilinifuata mpaka nyumbani. Najua wanachama wengi wanalo swali hilo hilo, na leo nataka kulijibu.

Jibu langu ni fupi. Mazungumzo yale ni mazungumzo ya mshahara. Uko upande uliopata faida, uko upande ulioumia, na iko meza katikati. Sisi watu wa vyama tumeijua meza hiyo siku nyingi. Kwa hiyo tunayo haki ya kusema neno juu yake, na tena tunao ujuzi.

NANI ANADAIWA?

Kwanza tujue deni lenyewe. Kwa muda wa zaidi ya miaka 150 viwanda vya Ulaya na Marekani vimechoma makaa ya mawe na mafuta. Hewa ya ukaa itokayo katika moshi ule haipotei upesi; hukaa angani miaka mingi sana na kuizuia joto lisitoke. Ndiyo sababu dunia inapata joto, na mvua na jua hazifuati tena majira yake. Bara zima la Afrika lina watu 18 hivi katika kila watu 100 wa dunia, lakini moshi wake ni kama sehemu 4 tu katika kila 100. Hapa Kenya sehemu kubwa ya umeme, kama tisa katika kila kumi, yatoka katika mvuke wa Olkaria, katika maji, upepo na jua.

Na nani ameumia? Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika nchi ya Turkana, Marsabit, Wajir, Garissa na kwingineko, na Somalia na Ethiopia vile vile. Mifugo kwa mamilioni ilikufa. Wanasayansi waliouchunguza ukame huo walisema mwaka 2023 kwamba joto la dunia liliufanya uwezekane mara 100 au zaidi kuliko zamani. Mchungaji aliyepoteza ng'ombe wote hakujenga kiwanda hata kimoja. Kijana wake leo anatafuta kibarua hapa Gikomba, na mimi na wewe tunauona ukame ule katika bei ya unga na maziwa.

Deni hili halikutungwa na sisi. Mwaka 1992, huko Rio de Janeiro, nchi za dunia zilipatana mkataba juu ya hewa, na Marekani na nchi za Ulaya zikatia sahihi. Mkataba huo wasema kwamba mzigo ni wa wote, lakini si sawa kwa wote, na kwamba nchi zilizoendelea zitangulie. Pia wasema kwamba nchi hizo zitatoa fedha za kuwasaidia wengine. Kwa hiyo mjumbe wetu anapoketi katika mkutano, haendi kuomba sadaka. Anashika karatasi yenye sahihi ya tajiri mwenyewe, kama vile mwakilishi wa wafanyakazi anavyoshika mapatano ya kazi na kusema, "Bwana, kifungu hiki hukukitimiza."

MGOMO WA BARCELONA

Pili, tuangalie jinsi nchi zetu zinavyojadiliana. Nchi moja peke yake ni kama kibarua anayeingia ofisini kwa bwana mkubwa kuomba nyongeza. Atapewa kiti, ataulizwa habari za watoto, kisha atatoka mikono mitupu. Hili tulilijifunza zamani. Katika mgomo wa Mombasa wa Januari 1947, watu wa bandari, wa reli, wa hoteli na wa nyumbani waliweka kazi chini pamoja, na ndipo serikali ya kikoloni ikaunda baraza la kutazama mishahara yao. Kama watu wa bandari wangesimama peke yao, wa reli wangeletwa kufanya kazi yao.

Nchi zinazoendelea nazo zina chama chao. Kilianza mwaka 1964 kwa nchi 77, na jina la 77 limebaki ingawa leo ni nchi 134. Ndani yake liko kundi la wajumbe wa nchi 54 za Afrika, ambalo limefanya kazi tangu mkutano wa kwanza wa hewa, Berlin, mwaka 1995. Je, chama hiki kimeleta faida? Nitatoa mifano, mizuri na mibaya.

Novemba 2009 wajumbe walikuwa Barcelona, kutayarisha mkutano mkuu wa Copenhagen. Nchi tajiri zilitaka kuzungumza juu ya kila jambo isipokuwa moja: zitapunguza moshi wao kwa kiasi gani. Wajumbe wa Afrika wakasema basi, hatuendelei mpaka hesabu hiyo iwekwe mezani. Wakasusia vikao. Ulikuwa mgomo hasa, ndugu zangu, ingawa waliogoma walivaa suti. Haukupita muda mrefu kabla ya wakubwa kukubali kwamba saa nyingi zaidi zitumiwe kwa hesabu ile.

Lakini tazama yaliyotokea mwezi uliofuata huko Copenhagen. Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, aliyekuwa msemaji wa viongozi wa Afrika, alitoa tamko pamoja na Rais Sarkozy wa Ufaransa, akataja kiasi cha fedha ambacho vyama vingi vya raia wa Afrika vilisema ni kidogo kuliko madai tuliyokwenda nayo. Kisha mapatano yenyewe yakaandikwa katika chumba kidogo na Marekani, China, India, Brazil na Afrika ya Kusini. Wengine waliletewa karatasi usiku wa mwisho. Kila mwenye chama anaijua hali hii. Wanachama wako nje wanaimba, na ndani mmoja wao anakunywa chai na meneja. Huenda nia yake ilikuwa njema. Madai hupungua vile vile.

Mfano wa tatu ni mzuri. Mwaka 1991 nchi ndogo ya visiwa ya Vanuatu ilitoa shauri kwamba nchi zinazopata hasara zilipwe. Waliwacheka. Shauri likakataliwa mwaka baada ya mwaka. Halafu mwaka 2022 Pakistan ilifurika, na Pakistan ndiyo iliyokuwa mwenyekiti wa nchi 134. Katika mkutano wa Sharm el-Sheikh, Misri, nchi zote hizo zilishikilia neno moja mpaka saa za mwisho, na mnamo tarehe 20 Novemba mfuko wa hasara na uharibifu ukakubaliwa. Ilichukua miaka 31. Anayesema umoja haufai aeleze kwa nini tajiri alikataa kwa miaka 31 na kukubali katika wiki mbili.

MKOPO SI MALIPO

Sasa tuje kwenye pesa, maana mapatano bila pesa ni wimbo.

Copenhagen nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Hesabu yao wenyewe yasema kiasi hicho kilifikiwa kwanza mwaka 2022. Walichelewa miaka miwili. Na zaidi ya nusu ya fedha zilizotoka kwa serikali zao na benki zao ilikuwa mikopo. Ndugu, fikiri. Gari la tajiri limekugonga barabarani. Anakuja hospitali, anasema, "Pole sana, nitakukopesha ada ya daktari." Nawe ukipona unamlipa pamoja na riba! Na riba hiyo hailipwi na waziri. Inalipwa na ushuru katika unga, mafuta ya taa na nauli. Katika Mswada wa Fedha wa 2024 tuliona hata tozo lililoitwa la mazingira, na mwezi wa Juni wananchi wakaukataa mswada wote.

Novemba 2024, huko Baku, nchi zinazoendelea zilidai dola bilioni 1,300 kwa mwaka. Zikapewa ahadi ya bilioni 300, ifikapo mwaka 2035, na fedha hizo zaweza kutoka popote, na mikopo ndani yake. Ni kama tungedai shilingi 1,300, mwajiri akasema atatoa 300, lakini baada ya miaka kumi, na nyingine atakukopesha. Wajumbe wa nchi maskini sana na wa visiwa waliondoka chumbani kwa hasira. Walirudi baadaye, na mapatano yakapita.

Mfuko wa hasara nao ulifunguliwa Dubai mwisho wa 2023, ukapata ahadi za karibu dola milioni 700. Chukua kalamu, gawanya kwa nchi 134. Kila nchi yapata milioni 5 na kidogo, mara moja tu. Kule Belém, Brazil, Novemba 2025, mfuko ulitangaza kwamba nchi zaweza kuanza kuleta maombi, na fungu la kwanza ni milioni 250. Mlango umefunguka, lakini ghalani bado hamna kitu.

Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, ambalo makao yake ni hapa hapa Gigiri, lilisema mwaka 2025 kwamba nchi zinazoendelea zitahitaji zaidi ya dola bilioni 300 kwa mwaka ili kujikinga na mafuriko, ukame na joto, na kwamba mwaka 2023 zilipata bilioni 26 tu kutoka nje. Na Januari 2025 Rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kuiondoa nchi yake katika Mapatano ya Paris. Mwajiri mkubwa kuliko wote ametoka mezani. Je, na sisi tutoke? Hapana. Mwajiri akitoka chumbani, chama hubaki, kwa sababu deni limebaki.

NYAPARA NDANI YA CHAMA

Wako watakaosema: mbona China imo katika kundi hilo, na leo ndiyo itoayo moshi mwingi kuliko nchi yoyote? Mbona zimo na nchi za mafuta ya Ghuba, ambazo hazitaki mafuta yaguswe? Swali hili ni la haki, na si vizuri kulikwepa.

Katika vyama vyetu huwamo kibarua, huwamo fundi, na mara nyingine huwamo nyapara. Nyapara hudai nyongeza pamoja nasi, lakini siku ya kubanana hukumbuka kwamba naye ana kofia ya bwana. Hatumfukuzi, kwa maana nguvu yake twaihitaji. Lakini hatumpi funguo za ofisi, wala hatumtumi peke yake kwa meneja. Afrika ikae na China katika chama kimoja, na wakati huo huo iseme wazi kwamba mwenye moshi mwingi leo naye apunguze na naye atoe. Mchungaji wa Wajir haulizi moshi uliomkausha ulitoka bandari gani.

MTO WETU WENYEWE

Sasa nasema jambo ambalo wengine hawatalipenda. Aprili 2024 Mto Nairobi ulipanda. Mimi niliuona ukiingia kwa wauza nguo wa upande wa chini. Mama mmoja auzaye nguo za watoto alisimama katika maji ya magoti, akivuta beli lake ambalo lilikuwa zito kama jiwe kwa maji. Alikuwa amelinunua kwa mkopo wa chama cha akina mama, wiki ile ile. Katika Kenya nzima karibu watu 300 walikufa kwa mvua za msimu huo. Mwezi wa Mei Serikali iliamuru watu wa kando ya mito wahame, na nyumba zikabomolewa Mathare na Mukuru na mvua ikiendelea kunyesha.

Wanasayansi waliichunguza mvua hiyo pia. Walisema joto la dunia huenda liliizidishia nguvu kidogo tu, na kwamba sababu kubwa ya vifo ilikuwa watu wengi kujengewa, au kujijengea, mahali pa maji, katika miji isiyo na mifereji. Basi ukame twaweza kuupeleka Baku na Belém. Lakini mfereji uliozibwa kwa taka, na mfanyakazi asiyepata nyumba ila ukingoni mwa mto, hayo ni madai ya hapa nyumbani. Si haki kumwambia Mzungu alipe huku sisi kwa sisi hatulipani. Mjumbe wetu atasikilizwa zaidi huko nje kama nyuma yake kuna mji unaowatendea haki watu wake.

Tena mkutano mkubwa si mgeni kwetu. Novemba 2006 mkutano wa dunia juu ya hewa ulifanyika Gigiri. Septemba 2023 viongozi wa Afrika walikutana katika jumba la Kenyatta, mwendo wa miguu tu kutoka sokoni kwetu, wakatoa Azimio la Nairobi, lililodai kodi ya dunia juu ya mafuta, meli na ndege. Lilikuwa dai zuri. Lakini nimeuliza wanachama wengi hapa, na sijampata hata mmoja aliyeelezwa lilisema nini. Dai lisilojulikana na wanachama halina nguvu mezani. Mwajiri hutazama dirishani kwanza, aone wamesimama wangapi.

MADAI YETU KABLA YA ADDIS ABABA

Imekwisha kukubaliwa kwamba mkutano wa mwaka 2027 utafanyika Addis Ababa. Safari hii meza italetwa Afrika. Naonelea chama chetu kipeleke madai matatu kwa Serikali yetu, na kwa ndugu zetu wa vyama vya Uganda, Tanzania na Ethiopia, mapema:

1. Wajumbe wa Afrika waende na hesabu moja iliyoandikwa, na asiwepo kiongozi wa kuipunguza bila kurudi kwa wenzake. Tulionja dawa hiyo Copenhagen.

2. Fedha za hasara na za kujikinga ziwe malipo, zisiwe mikopo. Na zikifika Kenya, itangazwe hadharani zimefika ngapi na zimekwenda kwa nani, mpaka muuza mitumba wa kando ya mto ajue fungu lake.

3. Mfanyakazi apate kiti. Mapatano ya Paris ya 2015 yataja katika utangulizi wake kwamba mabadiliko yawe ya haki kwa wafanyakazi, na kule Belém vyama vya wafanyakazi vya dunia vilidai chombo cha kusimamia neno hilo, na nchi zikakubali kukiunda. Hili latugusa. Mabasi ya umeme yamekuwa yakipita Nairobi tangu 2022. Ni mazuri, hayana moshi. Lakini fundi wa injini wa Kirinyaga Road atakula nini? Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, ambao wametengeneza kwa mikono yao majiko yanayopunguza mkaa tangu miaka ya 1980, nani atawauliza shauri? Leo vyama vyetu huketi katika mikutano hiyo kama watazamaji. Kibarua hawezi kuwa mtazamaji katika shauri la kibarua chake.

Madai haya yasomwe katika matawi, yajadiliwe, yasahihishwe. Kama nimekosea, nikosoeni katika toleo lijalo. Lakini tusinyamaze.

Hamali wangu wa Barabara ya Digo nilimkuta tena jana. Nilimweleza haya kwa ufupi, tukiwa tumesimama, maana alikuwa na mzigo. Alisikiliza, kisha akauliza, "Huko Addis Ababa nani atatusemea?" Sikuwa na jina la kumpa. Nilimwambia hiyo ndiyo kazi ya chama, kumtafuta mtu huyo na kumtuma, na kwamba iko miezi ya kuifanya. Akashika mkokoteni wake, akasema atakuja mkutanoni Jumapili.

Nanyi njoni.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi,
Mwanachama, Gikomba